Maswali ya wasomaji: Stresi za kila siku, tunazishushaje?

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu habari ya watu wanaorudi nyumbani wamechoka kichwa kuliko mwili, na kumbe tulitonesha kidonda, maana barua na meseji zimemiminika. Siwezi kuzijibu zote. Nimechagua zile ambazo naona zinawasemea wengi. Nyingine zimepunguzwa urefu, mtanisamehe.

*Habari yako anti. Mimi kazi yangu ni kupokea simu za wateja, kuanzia asubuhi mpaka jioni nasikiliza malalamiko na matusi, na hairuhusiwi kujibu wala kukata simu, unatakiwa useme tu pole sana. Nikitoka hapo mabega yamekaza kama nimebeba mzigo, kichwa kinagonga, nikifika nyumbani kakitu kadogo tu nalipuka. Wenzangu wananiambia tulia, usiwaze. Sasa nitulieje? – Wa simu*

Pole mdogo wangu. Kwanza hao wenzio wana nia njema lakini sijawahi kuona mtu aliyetulia kwa kuambiwa tulia, mara nyingi ndo anapandisha zaidi. Stresi haianzii kwenye mawazo peke yake, ipo mwilini, na mwili haupokei amri ya namna hiyo. Mtu akikutukana ubongo unatuma taarifa kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, ndani ya sekunde homoni ya adrenalini imemwagika kwenye damu, moyo unaenda mbio, ini linaachia sukari, misuli inakaza, na dakika chache baadae inafuata homoni nyingine, kotisoli, ambayo inakaa muda mrefu zaidi. Daktari mmoja wa Marekani, Walter Cannon, aliandika habari hizi tangu mwaka 1915, kwamba mwili unajiandaa ama kupigana ama kukimbia. Sasa wewe hupigani na wala hukimbii, umekaa kwenye kiti una spika masikioni unasema "pole sana". Maandalizi yote yale yanabaki kwako, alafu unayapeleka nyumbani.

Kwahiyo mi ushauri wangu, na nitaurudia rudia humu ndani, anza na mwili, mawazo yatafuata. Jaribu hili sasa hivi unaposoma: weka vidole viwili kwenye mkono pale mapigo yanaposikika, vuta pumzi taratibu, alafu itoe taratibu. Wengi wenu, hasa vijana, mtasikia mapigo yanaongeza mwendo kidogo wakati wa kuvuta na yanapungua wakati wa kutoa. Ndo siri yenyewe, pumzi inayotoka ndiyo inayotuliza, sio inayoingia. Basi kati ya simu na simu vuta hewa kwa pua, kabla hujaitoa ongezea kahewa kengine kadogo juu yake, kisha iachie yote kwa mdomo polepole mpaka iishe. Chuo Kikuu cha Stanford walitoa utafiti mwaka 2023, watu walifanya hivyo dakika 5 kila siku kwa mwezi mmoja, na furaha zao ziliongezeka kuliko wale waliokaa kutafakari kwa muda huohuo.

Mabega nayo usiyaombe yalegee, yakaze kwanza. Yapandishe mpaka karibu yaguse masikio, yashikilie hapo kama sekunde 5, alafu yaachie yaanguke yenyewe. Edmund Jacobson, daktari aliyefanya kazi Chicago, ndo aliyeitengeneza njia hii karibu miaka 100 iliyopita, alianza kwa kugundua kwamba watu wengi hata hawajui kama wamekaza, mpaka wakaze makusudi ndo wanasikia tofauti. Angalia na taya lako hapo ulipo. Mdomo ukiwa umefungwa na umetulia, meno ya juu na ya chini hayatakiwi kugusana. Yanagusana eti? Haya, yaachanishe.

Na kabla ya kuingia ndani jioni tembea kwanza, hata dakika 10 kuzunguka tu nje. Ile ndo "kimbia" ambayo mwili ulikuwa unaisubiri toka asubuhi.

*Anti hizo pumzi za kina mi zinanishinda, nikivuta sana nasikia kizunguzungu vidole vinakufa ganzi na mapigo ndo yanazidi, nikaogopa nikaacha. – Mwoga*

Hukukosea kuacha. Unavuta nyingi mno na haraka haraka. Ukipumua hivyo unaitoa kaboni dayoksaidi kuliko inavyotakiwa, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inajibana, ndo hicho kizunguzungu, na upungufu huohuo wa kaboni dayoksaidi ndo unaoleta ganzi. Watu wakisikia "pumzi ya kina" wanadhani ni kujaza kifua mpaka mabega yapande. Hapana. Vuta kidogo, pumzi ya kawaida kabisa, kazi yako iwe kurefusha ya kutoka tu. Hesabu 3 ikiingia, 6 ikitoka, na ukichoka acha. Kama una pumu au shida ya moyo muulize daktari wako kwanza. Na kama kuhangaikia pumzi kunakutia hofu zaidi, achana nayo kabisa, nenda kwenye ile ya kukaza na kuachia misuli, haina shida hiyo.

*Shikamoo anti. Mimi mchana niko sawa, nachapa kazi, shida ni usiku. Nikizima taa tu mawazo yanakuja kwa foleni, deni, kazi, mzazi anaumwa, gari, maneno niliyomjibu mtu mwaka juzi. Nikijitahidi kuyafukuza ndo yanaongezeka. Naangalia saa, saa saba, saa nane, nahesabu yamebaki masaa mangapi. Nifanyeje? – Macho dari*

Marahaba mwanangu. Mchana kichwa kina kelele ya kazi kwahiyo mawazo hayapati nafasi, usiku ndo yanapata ukumbi. Na usiyafukuze, umeshaona mwenyewe hayafukuziki.

Yaandike. Sio kwenye simu, kwenye karatasi, kabla hujapanda kitandani. Kuna utafiti ulifanyika Chuo Kikuu cha Baylor huko Texas ukatoka 2018, waliwalaza vijana maabara wakapima ubongo wao, kundi moja liliandika kwa dakika 5 mambo yanayowasubiri siku zijazo, kundi lingine likaandika mambo waliyokwisha kuyamaliza. Walioandika yanayowasubiri walisinzia mapema zaidi, kwa wastani kama dakika 9 hivi, na aliyeandika kwa undani ndiye aliyewahi zaidi. Ungedhani ingekuwa kinyume, eti kuandika kazi za kesho kungewatia presha.

Hapo kwenye undani ndo penye shida ya wengi. Mtu anaandika "deni", anafunga daftari, analala nalo. Neno hilo moja halimsaidii chochote, ni wasiwasi ule ule umehamia kwenye karatasi. Andika hivi: "Jumatatu saa nne asubuhi nimpigie anayenidai, nimwombe wiki mbili, nimwambie nitaanza na nusu." Unaona tofauti? Sasa kichwa hakina haja ya kukushikia hilo jambo usiku kucha kwa kuogopa utalisahau, limeshapata siku yake na saa yake. Ugonjwa wa mzazi hauna suluhisho lako, sawa, lakini una kitu chako cha kufanya: "kesho nimuulize muuguzi dawa ya pili anaimeza saa ngapi." Inatosha. Na yale maneno uliyomjibu mtu mwaka juzi kwakweli hata mwenyewe alishasahau, hayo usiyaandike.

Wengine inawafaa kutenga muda wa kuwaza kabisa, mfano saa kumi na mbili jioni, kiti kile kile, nusu saa. Wazo likikujia saa tano mchana unaliambia subiri saa kumi na mbili. Wataalamu wa saikolojia wanaitumia njia hii toka miaka ya 1980. Inaonekana ya kitoto ila ukijaribu utashangaa ikifika saa yenyewe nusu ya mawazo hayana hata nguvu ya kuja.

Saa igeuze iangalie ukutani. Ukikaa kama dakika 20 usingizi hauji, na hizo dakika ukadirie tu usichungulie saa, toka kitandani ukakae sehemu yenye mwanga hafifu ufanye kitu cha kuchosha, ukisinzia rudi. Na kahawa ya jioni iache, kafeini kwa watu wengi inachukua kama masaa 5 kupungua nusu tu, kwahiyo kikombe cha saa kumi na moja bado unacho nusu yake saa nne usiku.

*Mambo anti. Nikiwa na stresi bia mbili tu na sigara vinanimaliza kabisa, nalala fofofo. Mke wangu anasema najidanganya. Amua wewe. – Baba*

Mkeo ameshinda.

Pombe inakusinzisha kweli, hilo hakuna anayekataa, shida ni nusu ya pili ya usiku. Mwili ukishaanza kuisafisha unachangamka, unaamka amka saa tisa saa kumi, jasho, kiu, moyo unaenda, na asubuhi una wasiwasi zaidi ya jana, kwahiyo jioni unazihitaji tena. Sigara ndo inadanganya zaidi. Nikotini ikianza kupungua mwilini, na inapungua ndani ya saa moja mbili, unakuwa na kihoro, hutulii, una hasira. Unavuta, kile kihoro kinaisha, unasema sigara imenitoa stresi. Imekutoa stresi iliyoileta yenyewe. Mwaka 2014 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha majumuisho ya tafiti nyingi kuhusu walioacha sigara, na baada ya wiki kadhaa wasiwasi na stresi zao zilikuwa zimepungua ukilinganisha na waliokuwa wakiendelea kuvuta. Wiki za kwanza ni ngumu, sikufichi, ndo maana wengi wanarudia palepale wakiamini bila sigara hawawezi. Ila kama umezoea pombe nyingi kila siku usikate ghafla peke yako, onana na daktari, mwili uliozoea unaweza kuleta shida kubwa ukinyimwa kwa mara moja.

*Anti mimi nasoma hii safu kila toleo na nakupenda ila leo nina hasira. Kila mtu anayeandika kuhusu stresi anasema tafakari, fanya mazoezi, jipe muda wako mwenyewe, oga maji ya moto na mishumaa. Nina watoto watatu, kazi, na mama mkwe yupo kwangu anauguzwa. Muda wangu mwenyewe ni nikiwa chooni na hata huko wananigongea mlango. Hizo njia zenu rahisi ni rahisi kwa nani? – Mama wa watatu*

Dada yangu hasira yako ni halali na nimeichapa kama ilivyo. Ushauri mwingi wa stresi umeandikwa kwa mtu mwenye chumba kimya na saa nzima ya bure, na mtu wa hivyo hana stresi kivile.

Tuanze na mazoezi, maana hapo pana habari nzuri ambayo haikusambaa. Zamani ilikuwa ikisemwa mazoezi yahesabike lazima ufululize angalau dakika 10. Shirika la Afya Duniani lilipotoa miongozo mipya mwaka 2020 likaondoa hilo sharti, sasa kila dakika inahesabika, lengo kwa mtu mzima likiwa ni dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa kukutoa pumzi kidogo. Yani kupanda ngazi haraka, kubeba mtoto, kuongea na simu huku unatembea badala ya kukaa, vyote vimo. Huenda unafanya zaidi ya huyo anayekushauri.

Lakini kwakweli sidhani kama tatizo lako ni mazoezi. Nikisoma barua yako (ilikuwa ndefu, nimeikata) naona umeorodhesha vitu vingi sana ambavyo wewe ndo unavikumbuka. Nani ana kliniki lini, sabuni inaisha, mwalimu kaagiza nini, dawa za mama. Kuvikumbuka peke yake ni kazi, na haionekani na mtu, kwahiyo hakuna anayekushukuru wala kukupokea. Unasema mumeo "anasaidia ukimwambia". Hapo ndipo. Ukishalazimika kumwambia, kumuelekeza, kisha kumkagua, kazi bado ni yako, yeye kapewa mikono tu. Badala ya kumpa vipande mpe kitu kizima. Mfano asubuhi za watoto siku za shule: kuwaamsha, kuwaogesha, kujua soksi ya pili iko wapi, kujua leo ni siku ya michezo wanahitaji viatu vingine, kila kitu. Na wewe usiulize. Watatoka wiki ya kwanza na soksi mbili tofauti, waache watoke hivyo, hakuna mtoto aliyekufa kwa soksi. Ukikimbilia kurekebisha umeirudisha kazi kwako. Najua ni ngumu kunyamaza, wengi wetu tumekuzwa tukiamini nyumba ikikosea lawama ni ya mama.

Ndugu wa mumeo nao, mama ni wao. Usiwaombe "msaada", waambie wagawane siku. Ukisema "jamani nimechoka" watakupa pole na maombi, ukisema "Jumamosi nani anakaa na mama kuanzia saa tatu mpaka saa tisa" lazima mtu ajibu. Na wakinyamaza kwenye grupu nyamaza na wewe, usijibu mwenyewe.

Grupu lenyewe lizime sauti. Sio kujitoa, hapo utazua kesi, zima tu notifikesheni usome mara mbili kwa siku. Kila simu ikilia mwili unashtuka kidogo hata kama ni picha ya maua ya habari za asubuhi.

Na chooni funga mlango. Hata wakigonga. Waambie dakika tatu, ziwe tatu kweli, uzitumie kwa ile pumzi ndefu ya kutoka niliyomwambia wa simu hapo juu.

*Anti nina vidonda vya tumbo vya mawazo, nimeambiwa nikiacha kuwaza vitapona. Nimejitahidi miaka lakini wapi. – Tumbo*

Nani alikuambia, na alikupima? Vidonda vya tumbo kwa sehemu kubwa vinaletwa na bakteria anaitwa Helicobacter pylori, au na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama aspirini, aibuprofeni na daiklofenaki. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, ndo waliomfichua huyo bakteria miaka ya mwanzo ya 1980, wakabishiwa sana maana kila mtu alikuwa ameshaamini ni mawazo, mpaka Marshall akanywa bakteria wenyewe akaumwa tumbo ndo kuwaonyesha. Mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Mawazo yanaweza kuzidisha maumivu na kiungulia, hilo ni kweli, ila bakteria haondoki kwa kutowaza, anaondoka kwa antibiotiki atakazokuandikia daktari baada ya vipimo. Nenda kapime. Na kama unameza dawa za maumivu kila kichwa kikikugonga kwa stresi mwambie na hilo. Ukiona choo cheusi kama lami au ukatapika damu usingoje miadi, nenda siku hiyohiyo.

*Naomba kuuliza, nitajuaje kama hii ni stresi ya kawaida au ni kitu kingine? – Msomaji*

Stresi ya kawaida ina sababu unayoweza kuinyooshea kidole na inapungua sababu ikipungua au ukipumzika. Kama wiki mbili zimepita karibu kila siku una huzuni au hakuna kinachokupa raha, hata vile ulivyovipenda, usingizi umeharibika, kula kumeharibika, kazi zimekushinda, huo ni wakati wa kuonana na mtaalamu wa afya, njia za humu hazitatosha. Maumivu ya kifua yanayokwenda kwenye mkono au taya, au kukosa pumzi ghafla, usiseme ni stresi, kimbia hospitali wakuambie wao. Na ukijikuta unawaza kujidhuru au kuona bora usiwepo, mwambie mtu leo, yeyote unayemwamini, na umuombe asikuache peke yako mpaka mfike kwa daktari.

*Anti mi ni mwanafunzi, kabla ya mtihani natetemeka mikono, moyo unadunda, nimejaribu kujiambia tulia tulia wapi. Nimebakiza wiki moja. – Wa mwaka wa pili*

Usijiambie tulia, jiambie una hamu. Natania? Hapana. Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha mwaka 2014 majaribio aliyowafanyia watu waliokuwa wanakwenda kuimba mbele za watu, kuhutubia na kufanya hesabu, waliojiambia kwamba wana hamu na msisimko walifanya vizuri kuliko waliojitahidi kutulia. Moyo unaodunda kwa woga na unaodunda kwa hamu ni ule ule, mwili uko macho tayari, kutoka hapo kwenda kwenye hamu ni karibu kuliko kuushusha mpaka chini kwenye utulivu wakati karatasi inagawiwa.

Kwa hiyo wiki iliyobaki: fanya mitihani iliyopita kwa kujipimia saa, mezani, bila simu, ili siku yenyewe mwili uwe umeshazoea hali hiyo. Usikeshe usiku wa mwisho, ulichosoma kinajipanga kichwani ukiwa umelala. Asubuhi usisimame na wale wanaoulizana maswali mlangoni, hao wanagawa woga bure. Ukipewa karatasi soma yote kwanza, anza na swali unalolijua hata kama ni la nne, mkono ukishaanza kuandika kutetemeka kunapungua. Matokeo yakitoka utuandikie.